Hepzibah Akataa Kung'olewa Mawe

Mume wa Hepzibah Garrod, mwenye kinu cha upepo cha kusagia ngano katika kijiji chetu huko Suffolk, Uingereza, alipofariki, shemeji yake Amos alikuja na mkokoteni wa farasi ili ang'oe mawe ya kusagia ya kinu hicho akayauze.

"Shemeji, siku hizi watu wanasaga kwa mvuke. Na wewe mwanamke, kinu cha upepo utakiwezea wapi?"

Hepzibah alikwenda nyuma ya kinu. Aliegemeza bega kwenye boriti ndefu iliyotokeza hapo, akakizungusha kinu kizima cha mbao juu ya nguzo yake mpaka kikaukabili upepo, kisha akapanda ngazi na kufungua breki. Mabawa yakazunguka, mawe yakanguruma.

"Haya, ingia uyachukue," alimwambia kutoka mlangoni.

Amos alisubiri kutwa upepo utulie. Haukutulia, akaondoka mikono mitupu. Hepzibah aliendelea kutusagia ngano mpaka uzeeni.