Ploti Yangu ya Waberi

Watu wanaongezeka, kwa hivyo jenga. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, na walimu wenzangu walichoka kuisikia. Nilikuwa nimefundisha Garissa miaka mingi, nikiona nyumba zikimeza vichaka vya miiba upande wa Waberi. Kila wiki darasa langu lilipokea mtoto mpya: huyu ametoka Hulugho, yule Masalani, mwingine ng'ombe wa babake wamekwisha kwa ukame na ukoo mzima umehamia mjini. Madawati hayatoshi. Nikajiambia, anayekosa dawati amekosa na nyumba. Nikachukua mkopo wa ushirika, nikanunua kiwanja.

Nilitaka kitu kimoja tu: kodi ilipe mkopo, mimi niombe uhamisho nirudi kwetu Meru. Mke wangu alikuwa amelea watoto peke yake, maskini, mimi nikiwa baba wa simu. Nikamwomba avumilie kidogo.

Nikajenga kama tunavyojenga kwetu: vyumba vya mtu mmoja mmoja, safu mbili zinazotazamana, ujia mwembamba katikati, choo kimoja mwishoni. Mimi nikakaa chumba cha langoni, nichunge mali. Vingine vikajaa walimu na makarani wa bara, wageni kama mimi. Nilijiona mjanja, ee!

Kisha wale wa bara wakaanza kuhamishwa. Mmoja mmoja wakabeba magodoro wakarudi "Kenya", kama wasemavyo watu wa hapa, kana kwamba Garissa iko nchi nyingine. Mji ukazidi kufurika, vyumba vyangu vikabaki na popo. Jamani, hao watu wote walikuwa wanalala wapi?

Siku moja akaja mama wa mwanafunzi wangu, anatafuta nyumba. Alisimama kwenye ujia, akageuza shingo huku na huku, akaniuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali, p ikitoka b:

"Mwalimu, mlango inaangalia mlango? Mabinti yangu watabita wabi kwenda choo, mbele ya wanaume ya watu? Mama ya bwana yangu atakaa wabi? Wageni wakitoka kwa ngamia, nitaweka wabi?"

Nikamwambia achukue vyumba vinne. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wallahi, hii si nyumba. Hii ni bweni."

Nilikasirika, halafu nikaona aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikinywa chai katika nyumba zao, nikikalishwa kwenye mkeka karibu na lango, na sikuwahi kujiuliza kwa nini sipitishwi ndani. Nilihesabu watu, basi. Yule mama akaniambia nivunje kuta, niache ua wa kupumulia, nijenge choo cha pili upande wa wanawake, naye atachukua yote. Nikaongeza mkopo juu ya mkopo, nikaita mafundi.

Walihamia na mikokoteni ya punda, mama mkwe ameketi juu ya mizigo. Yule mama akakagua kila pembe, akaridhika, kisha akasimama mbele ya chumba changu cha langoni.

"Na wewe mwalimu, unahama lini?"

"Mama, mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Ndiyo, mwalimu. Lakini wewe ni mwanaume, na mabinti yangu wako ndani."

Nikafunga godoro langu. Sasa nimepanga kwenye ploti ya mtu mwingine mtaa huu huu, chumba cha mtu mmoja, mlango unatazama mlango. Nikienda kwangu nabisha lango na kungoja nje. Uhamisho siwezi kuuomba, maana kodi haifiki kwenye mkopo na posho ya mazingira magumu ya huku ndiyo inayojazia. Nimenaswa, na mtego niliutega mwenyewe.

Juzi mke wangu alipiga simu. "Nyumba imejaa?"

"Imejaa."

"Basi unarudi."

"Bado kidogo."

Kisha akauliza, taratibu, kama kitanda cha watu wawili kinaweza kuingia chumbani kwangu. Nikasimama katikati ya sakafu, nikanyoosha mikono. Viganja vyote viwili viligusa ukuta.

"Hakiingii," nikamwambia.