Niliweka FreeBSD kwa desktop ya cyber ya mama Kitengela, printer ikanifunza adabu

Wakuu, salamu kwa wote mlio online na mnaosoma kimya kimya kama mimi.

Hii post nimeiandika na kuifuta mara sita. Leo naituma vile iko. Sitaongeza chumvi, na pale nilidanganya nitasema nilidanganya.

Mimi ni kijana wa Kitengela. Sijasomea computer popote. Ninachojua nimekitoa kwa manual, kwa video, na kwa kuharibu vitu. Mama yangu ako na cyber ndogo: desktop moja, printer moja, benchi ya wateja, basi.

Shida yetu kubwa ilikuwa flash disk za watu. Flash imezunguka kila cyber kutoka Athi River mpaka Kajiado, ikifika kwetu imebeba virusi vya kila mtaa. Windows yetu nilikuwa naisafisha Jumapili, Jumanne imechafuka tena.

Ndipo nikasoma kuhusu FreeBSD. Kwa wale hawaijui, ni operating system ya ukoo wa Unix, binamu wa Linux lakini boma tofauti. Kilichonivuta si speed. Ni manual yake. Imepangwa vizuri mpaka nikasikia amani. Mimi ni mtu wa kunyoosha viatu vya wageni mlangoni, kwa hivyo mnaelewa.

Mama alikuwa anaenda Illasit kumsaidia shangazi kuvuna vitunguu, Jumapili mpaka Alhamisi. Nikamwomba ruhusa nijaribu akiwa huko.

"Itaprint?" akauliza.

"Itaprint, mama."

"Na ikikataa?"

Nikamweleza kwamba sitagusa diski ya Windows. Nitaitoa, niweke nyingine niliyokuwa nayo, na mambo yakiharibika nairudisha tu.

Akanyoosha mkono. "Hiyo ya zamani nipe mimi."

Akaifunga kwa leso, akaiweka kwa handbag. "Alhamisi nikirudi nipate mashine inaprint. Nisipopata, hii inarudi ndani, na mambo yako ya majaribio hutaleta tena kwa kazi yangu. Mutuku, umenisikia?"

Nilimsikia.

Sasa hapa ndipo naanza kuona aibu.

Install ya kwanza ilikubali vizuri. Wi-Fi ilikataa, lakini nikachomeka simu kwa waya ikanipa internet. Jumapili hiyo hiyo nilikuwa na desktop inayofungua browser na document. Mtu wa kawaida angeshukuru Mungu aende kwa printer.

Mimi niliifuta.

Niliifuta kwa sababu jina nililopea mashine halikunipendeza. Install ya pili nikaifuta kwa sababu ya vile niligawanya diski. Ya tatu sikumbuki hata kosa lilikuwa nini, nafikiri nilihisi tu haijakuwa safi. Jumatatu jioni nilikuwa kwa ya tano.

Jumanne nilishinda na fonts. Siku nzima, wakuu. Nilikuwa napima nafasi kati ya icon na icon kwa rula, kwa kioo cha computer.

Jumatano ndipo nikagusa printer.

Ilionekana. Ikakubali jina. Nikituma kazi, inasema imepokea, halafu kimya. Baada ya masaa nikagundua ni mambo ya ruhusa: mfumo wa kuprint haukuwa umeruhusiwa kugusa kile kifaa.

Kuna njia safi ya kurekebisha hiyo. Unaandika kanuni kwa faili fulani, na kila ukiwasha mashine kanuni inafuatwa. Niliandika, ikakataa. Nikaandika upya, ikakataa.

Kuna pia njia chafu. Unaingia kama root, yaani mwenye mamlaka yote, unapiga chmod 666, na sasa yeyote anaweza kugusa printer. Ni kama kuacha geti wazi. Na ukizima mashine, ruhusa inapotea, kesho unaanza tena. Nilijua hiyo njia tangu asubuhi. Nikasema siwezi, si mimi.

Na wateja? Niliwaambia toner, yaani wino wa printer, imeisha. Siku nne. Wengine nikawaelekeza kwa jirani anayeuza stationery, ako na printer yake. Huo ndio uongo nilioahidi kuusema.

Alhamisi saa sita mchana akaingia mama mmoja wa Sajiloni. Tunamwita Mama Nashipai, huwa anapitia kwetu kufanyiwa mambo ya online. Alikuwa ameshika flash kwa ngumi kama mtu ameshika mbegu.

Babake alikuwa amefariki. Mazishi ni kesho. Programu ya mazishi, yaani eulogy na picha ya mzee, yote iko ndani ya flash, na simu iliyopiga ile picha ilipotea kitambo. Hakuna kopi nyingine. Gari la kumrudisha nyumbani linatoka saa nane.

"Nimeenda cyber mbili," akasema. "Wa kwanza ameona shortcut tupu. Wa pili ameniambia aiformat, afute kila kitu."

"Umekubali?"

"Ningekubali ningekuja kwako kufanya nini?"

Nikachomeka. Kwa FreeBSD yangu flash haifunguki yenyewe, lazima uiamrishe, na niliandika amri vibaya mara mbili akiniangalia.

Ya tatu ikaingia. Na wakuu, vitu vilikuwa pale! Kile kirusi kilikuwa kimeficha folda kwa alama ambayo Windows inaitii. Huku kwa terminal, pale unaandika amri, alama hiyo haikuficha chochote. Folda, document, picha, zote zimekaa tu kama kuku kwa kivuli.

Nikafungua picha. Mzee amesimama na fimbo mbele ya boma, anacheka na mtu ambaye haonekani.

Mama Nashipai aligusa kioo kwa kidole kimoja, halafu akakaa kwa benchi.

"Sasa print," akasema.

Hapo ndipo mama yangu akaingia, na gunia la vitunguu mgongoni.

"Sopa, Mama Nashipai," akamsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, Mama Mutuku. Kijana yako ameniokolea baba."

Mama akaniangalia, akatabasamu kidogo. Halafu akaweka gunia chini. "Jirani ameniambia hatujaprint wiki nzima. Eti toner imeisha. Toner si niliweka mimi mwenyewe Jumamosi?"

Nikajifanya napanga karatasi.

"Mutuku. Inaprint ama haiprint?"

Nikaanza kueleza mambo ya kanuni na ruhusa, na vile njia sahihi inahitaji kama siku moja tu zaidi, na vile hiyo nyingine sio secure. Mama akaketi kando ya Mama Nashipai, akafungua handbag, akatoa ile leso. Hakuifungua. Aliiweka tu kwa magoti.

"Hiyo njia mbaya," akauliza polepole, "karatasi inatoka?"

"Inatoka. Lakini—"

"Na hii njia yako nzuri?"

Njia yangu nzuri haikuwa imetoa hata karatasi moja.

Nikaingia root. Nikapiga chmod 666. Nilihisi kama navua nguo mbele ya watu.

Printer ikakohoa, ikavuta karatasi.

Page ya kwanza ikatoka na picha ya mzee. Maandishi sawa, picha safi, lakini imekaa upande wa kushoto. Nikaichukua haraka kabla hawajaiona. "Ngoja nirekebishe margin, dakika kumi tu."

Mama Nashipai akainyakua mkononi mwangu. Akaitazama sana, halafu akaanza kucheka mpaka machozi yakatoka.

"Wewe wacha hivyo. Baba tangu avunjike mguu alikuwa anainama huko huko. Ukimnyoosha hawatamjua."

Saa saba na nusu kopi zote zilikuwa zimefungwa kwa bahasha. Alituacha na baraka ndefu ya Kimaasai ambayo sikuielewa yote, lakini mama aliitikia kila mwisho wa sentensi.

Tukabaki wawili. Nilimwambia mama ukweli wote wa toner. Akasema huo uongo nitautoa mwenyewe kwa kila mteja, na nimefanya hivyo. Mmoja alinicheka, mmoja bado haniamini.

Kwa wale wataniuliza: Ijumaa nilipata kosa langu. Kanuni nilikuwa nimeziandika sawa kabisa kwa ile faili ya devfs.rules. Sikuwa nimeongeza ile laini moja kwa rc.conf, faili inayosomwa mashine ikiwaka, ya kuiambia mashine izifuate. Laini moja, na mimi niko na rula napima icons. Siku hizi inaprint yenyewe ikiwashwa.

Jumatatu mama alifungua handbag akitafuta funguo. Akatoa ile diski ya Windows na leso yake, akanipa.

"Shika kitu chako. Kinanilemea."

Nimeiweka kwa droo.

Funzo nililopata ni la kwangu, sijui kama litakufaa. Nilikuwa nadhani natengeneza kitu kiwe kizuri, kumbe nilikuwa naogopa siku mtu atakitumia. Na FreeBSD si ngumu vile wanasema. Ugumu mwingi uliletwa na mimi.

Wakuu mlio na cyber ama ofisi ndogo, mnatumia nini kwa flash za wateja? Na wenzangu wa kunyoosha viatu vya wageni, tuambiane: ni kazi gani umeishikilia saa hii ukisema bado kidogo? Comment tu. Hata ikiwa na makosa, tutasoma.