Jumamosi ya Bolingi Niliyoichagua Mimi

Kanuni iliyowatoa watoto wa Kibara niliiandika mimi, kwa kalamu yangu, mezani kwangu Kabasa, na niliionea fahari. Ilisema kikundi cha watoto kitakachokosa makusanyiko mawili mfululizo kitafutwa, na watoto wake watahamishiwa kikundi cha jirani. Nilikuwa nimechoshwa na walezi wa vikundi wanaosema watakuja halafu hawaonekani. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nimestaafu, na ugonjwa wangu ni huo: napenda daftari la mahudhurio kuliko ninavyopenda watu.

Vikundi vyetu vya watoto wa kanisa vilikuwa vinne: Musoma mjini, Butiama, Kabasa na Kibara. Kibara walikuwa wa mwisho kwa kila kitu. Hawakuwa na sare wala kinanda. Mlezi wao alikuwa mama mjane mchuuzi wa dagaa, aliyewakusanya Jumapili mchana kwenye banda la kutunzia nyavu, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Kusanyiko la kuimba, lile la majuma mawili baada ya Pasaka, hawakutokea, na tangu hapo kwenye kamati yetu ya vikundi vyote vinne yakaanza maneno kwamba kikundi kile ni mzigo. Jirani yao kwa mujibu wa karatasi tulikuwa sisi wa Kabasa, na kutoka Kibara mpaka Kabasa mtoto hatembei kwa miguu. Kufutwa kwao kulikuwa ni kwisha.

Bolingi niliileta kwa ajili yao, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeiona kwenye televisheni, watu wenye nafasi zao wamevaa viatu vya kukodi, wanaviringisha mpira mzito kuangusha vigingi kumi. Nikawaza: huu ndio mchezo ambao mtoto wa Kibara hatashindwa kwa sababu ya sare. Chupa kumi za maji, kila moja na kikombe cha mchanga ndani ili isipeperuke, na mpira wa matambara uliotiwa kokoto katikati. Hakuna kinanda hapo. Niliisukuma hoja kwenye kamati mpaka mwenyekiti wetu, mzee mpole wa Musoma, akachoka kunisikiliza akakubali.

Nilikwenda Kibara mwenyewe kuwafundisha. Tulisawazisha mchanga wa pwani ya ziwa kwa ubao, tukaumwagia maji ukawa mgumu, tukapanga chupa. Mkorofi mmoja akaangusha zote kumi kwa mpira wake wa tatu, wenzake wakambeba juu juu wakimzungusha. Kulikuwa na binti wa miaka kama kumi, mwembamba, mwenye kovu kwenye kidevu, ambaye hakushangilia. Alikuwa amepiga magoti pembeni anaangalia mpira unakopinda. Ilipofika zamu yake aliuachia taratibu kutoka chini kabisa, na chupa zikalala karibu zote. Nilimwambia mlezi wake, "Huyu atawatoa kimasomaso." Mama yule akacheka akajifunika mdomo kwa kanga.

Kuchagua siku nikapewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati na kwa kuwa sikumpa mtu mwingine nafasi. Nilikaa na kalenda jioni nzima. Nilikwepa mitihani. Nilikwepa harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa. Nilikwepa siku ya mnada wa ng'ombe, kwa sababu nimezaliwa Butiama kwenye nyumba ya wafugaji, na najua siku ya mnada hakuna mtoto atakayeachiwa. Nikabaki na Jumamosi moja safi kabisa, likizo ya Juni, mvua zimekwisha. Nilijipongeza kwa kikombe cha chai.

Nilipompigia mlezi wa Kibara kumwambia tarehe, aliniuliza tena ni lini. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Tumepokea. Mungu akipenda." Huku kwetu mtu mdogo hamwambii mkubwa kwamba tarehe yake mbaya. Anapokea, anashukuru. Mimi mwenyewe nimepokea tarehe mbaya nyingi maishani kwa sauti ile ile, na bado sikuitambua ilipokuja kwangu.

Siku yenyewe ukumbi wa Kabasa ulikuwa umepigwa deki mpaka sakafu inateleza. Watoto wa Butiama walifika wa kwanza, wamepitia Kiabakari kwa gari la mzazi mmoja, wamejaa vumbi, wana kelele. Wa Musoma walikuja na sare mpya. Tulichora njia nne kwa chaki. Nilichelewesha kuanza kwa saa nzima, natoka nje, narudi, natoka tena. Simu ya mlezi wa Kibara haikupatikana. Mwenyekiti akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonipandisha hasira.

Mchezo ulichezwa. Watoto walifurahi, siwezi kudanganya. Mimi sikuuona. Kila chupa ilipoanguka niliona mahali pa wale ambao hawakuja, na sikuwaza kwamba labda wamepatwa na jambo. Niliwaza kwamba wameniaibisha. Nimewapigania, nimewabebea chupa mpaka kwao, nao wameniacha nasimama mlangoni na watu wote wananiona.

Baada ya soda kamati ilikaa nyuma ya ukumbi. Mwenyekiti akauliza kanuni inasemaje, nikaisoma. Mjumbe wa Butiama, mkulima mmoja asiyependa maneno mengi, akasema, "Tuwaulizeni kwanza, jamani. Watu wa ziwa hatujui mambo yao." Hapo ningeweza kunyamaza tu, na lingeahirishwa. Nilisimama. Nilisema watu wa Kibara hawabebeki, kwamba tumewavumilia vya kutosha, kwamba kanuni ikipindishwa mara moja haina maana tena. Nilisema vizuri sana. Mikono ikanyooshwa, wa kwangu ukiwa wa kwanza, nami nikaandika kwenye daftari kwamba kikundi kimefutwa.

Jumatatu nilikwenda Kibara kupeleka barua. Nilikuwa bado na hasira nilipotoka barabarani kushuka kwenda ziwani, na nilikuwa nimeshapanga maneno. Kisha nikaona pwani yote imetandazwa nyavu kuukuu, na juu ya nyavu dagaa, weupe, mpaka upeo wa macho. Katikati yao walikuwa watoto wangu wa bolingi. Wengine walikuwa wanawageuza dagaa kwa mafagio, wengine wanafukuza yangeyange kwa vijiti. Binti mwenye kovu alikuwa amebeba beseni kichwani, maji ya samaki yanamchuruzika shingoni.

Nilielewa nikiwa bado nimesimama. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haiwavuti mwezi ukiwapo. Mwezi ukikua wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, watoto wanacheza. Mwezi ukipotea, ziwa linaingiliwa kila usiku, na kila asubuhi mzigo unashushwa, na usipoanikwa na kugeuzwa siku hiyo hiyo unaoza. Wanaita majuma hayo giza. Kila mtu anayeishi kandokando ya ziwa hili anajua hilo, hata mtoto wa chekechea. Mimi nimewala dagaa hao maisha yangu yote. Mnada wa ng'ombe niliukumbuka, mwezi sikuutazama.

Mlezi alinikimbilia akiwa anajifuta mikono. Kabla sijasema kitu alianza kuniomba radhi.

"Mwalimu, nisamehe. Simu ililowaga kwenye mtumbwi. Giza likiingia huku mtoto haachwagi, baba zao hawaelewagi. Hata ile ya kuimba ilikuwa giza vile vile. Nilitaka nikwambie, nikaona nitakuwa kama nakupangia."

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambiaje, mwalimu? Umeshatoa tarehe."

Tuliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Aliniambia watoto wamekuwa wakicheza kila jioni baada ya kukusanya dagaa, na kwamba Jumamosi ile waliamka wakaoga, wakavaa nguo za kanisani, kisha wazazi wakaja kuwavua. Kuna waliolia. Yeye akawaambia mashindano yamesogezwa mbele. Nilimpa barua. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, nami nilitazama kidole kile kinavyokwenda mpaka chini na kusimama kwenye sahihi ya mwenyekiti. Katibu hatii sahihi kwenye barua zetu.

"Kwa hiyo tumetolewa," akasema.

"Ndiyo."

"Nani alisema tutolewe?"

Nilikuwa na nafasi ya kumjibu. Hakuna mtu aliyekuwa karibu, na mama yule hakuwa mtu wa kugombana. Angenisikiliza mpaka mwisho. Pengine tungekaa pale tukatafuta njia, tukaandika barua nyingine, nikarudi kwa mwenyekiti nikakiri kwamba siku niliikosea mimi. Yote hayo niliyaona, na nikaona pia sura yake itakavyobadilika akijua.

"Kamati," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaikunja barua akaiweka kwenye ncha ya kanga, akaifunga. Akasimama akaenda kwenye nyavu zake, akachagua dagaa waliokauka vizuri, akawatia kwenye mfuko, akarudi nao. Nilimwambia asijisumbue. Alikataa kunisikiliza.

"Chukua, mwalimu. Ulitupigania sana, mimi najua. Wale wengine walikuwaga hawatutaki tangu mwanzo."

Nikaupokea mfuko kwa mikono miwili, nikamwambia asante.