Ushuhuda wa Mama Siku ya Mavuno

Miti ya mama ya misindano iliungua mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa bado hazijaanza. Nilikuwa Makambako, kwenye kibanda changu cha chakula karibu na stendi, mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Matembwe na kusema shamba lote limekwenda. Nilifunga kibanda, nikapanda gari la Njombe, nikaunganisha la Lupembe. Njia nzima nilijiuliza ni nani aliyetufanyia hivyo.

Nilipofika sikuhitaji kumuuliza mtu. Moto ulitoka kwa jirani yetu, mzee wa kanisa, rafiki wa marehemu baba, mtu ambaye tangu utoto namwita baba mdogo. Alikuwa anachoma majani apande viazi. Hakusafisha njia ya kuzuia moto, hakutuarifu, na upepo ulipogeuka akaondoka zake. Weusi ulianzia kwake, ukavuka mpaka, ukaendelea hadi bondeni. Miti ile baba na mama waliipanda nikiwa shule ya msingi. Ilibaki kidogo tu ivunwe, mama aezeke nyumba upya na apumzike.

Kwenye mkutano wa kijiji baba mdogo alisema labda ni warina asali. Watu waliouona moshi ukianzia shambani kwake waliinamisha vichwa. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa kusema chanzo cha moto hakijulikani. Nilisimama ili niseme, mama akanivuta kitenge, nikakaa. Siku ile nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia yule mzee.

Baada ya hapo mama alirudi kuchuma chai kwa kibarua, kazi aliyoiacha baba alipokuwa hai. Nilimsihi aje tukae wote Makambako, akakataa. Kila nilipokwenda kumwona niliwakuta watu wa kanisani wamekaa, wanamwambia Mungu atarudisha, yeye anyenyekee tu. Walikula viazi vyake, wakaomba, wakaondoka. Hakuna aliyekuja na jembe. Nililichukia neno hilo, kunyenyekea. Aliambiwa aliyeunguziwa. Aliyechoma hakuambiwa na mtu.

Siku ya mavuno ilipokaribia, mwinjilisti wa mtaa wetu wa kanisa alikuja kumwomba mama atoe ushuhuda. Alitaka aseme kwamba Mungu amemrudishia, kwa kuwa ana afya na ana kazi, ili watu waache kunong'ona na mtaa utulie. Mama alimjibu kwamba atasimama. Niliposikia hivyo nilitoka Makambako nikiwa tayari kwa ugomvi.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mpaka mlangoni mwa kanisa. Mama alipeleka kikapu chake cha mahindi mbele, halafu akageuka kuwatazama watu, amevaa koti la marehemu baba. Baba mdogo alikuwa benchi la mbele na wazee wenzake.

"Nimeombwa niseme Mungu amenirudishia," mama alisema. "Siwezi kusema uongo mahali hapa. Bado hajanirudishia. Ameahidi, na ninaamini atafanya, iwe hapa au kule kwake. Lakini aliyechoma shamba langu yumo humu, na anajijua. Tangu miti iungue namngoja aje nyumbani. Mlango wangu haujafungwa."

Akarudi kukaa. Mwinjilisti alikohoa, akaanzisha wimbo, na walioitikia walikuwa wachache. Baba mdogo alitazama sakafu mpaka ibada ikaisha, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mama kwa nini basi alinivuta kitenge siku ya mkutano.

"Wewe ulitaka aaibike," alisema. "Mimi nataka atubu."

"Na asipotubu?"

"Mvua zikija tutapanda."

Mvua zilikuja, tukapanda. Nilichimba mashimo katikati ya visiki nikiwa na hasira ambayo sikuweza kuificha, maana ng'ambo ya mpaka viazi vya baba mdogo vilikuwa vimestawi, kijani kabisa, kwenye majivu yale yale. Mama alinifuata kwa magoti, mche mmoja mmoja, akishindilia udongo kwa viganja. Umri wake naujua, na najua msindano unavyochelewa kukua. Sikumuuliza anampandia nani. Alionekana mtu anayefanya kazi yake tu, na hilo nalo liliniudhi.

Baba mdogo hajaja mpaka leo. Ameacha kukaa benchi la mbele, basi. Miche imeshika, ingawa mingine ililiwa na mbuzi na tukairudishia kwa miche mipya.

Ninapolala kwa mama, tunasali pamoja kabla ya kulala. Mama humwombea baba mdogo kwa jina lake, apate ujasiri wa kuja. Sehemu hiyo siitikii amina. Mama husubiri kidogo, halafu huendelea.