Neno la Kiingereza Lililokuja Kuposa

Miaka ile tulipokuwa tunahimizwa kulima mashamba ya ujamaa, binti yangu aliposwa na bwana shamba mmoja kijana, mgeni hapa Tukuyu, suruali imenyooka kwa pasi. Alimsifu binti kwa Kiswahili vizuri tu, kisha akamalizia kwa Kiingereza kwamba yeye alikuwa "thrilled". Sikulipenda. Mtu anayeiacha lugha tunayoelewana pale anapofika kwenye jambo lenyewe, anaficha nini?

Mimi nimesoma madarasa mawili. Nyumba yangu ya bati ya Bulyaga nimeijenga kwa useremala, kwa randa na keke ya kutobolea mbao, sikurithi hata msumari, kwa hiyo kuuliza sioni haya. Nikaenda chuoni Mpuguso kwa mwalimu mwenye kamusi nene. Akasema maana yake ni kufurahi mpaka mwili usisimke. Na limetoka wapi? Akasoma, akacheka kidogo. Zamani Waingereza walilitumia kwa kutoboa, kama mkuki unavyopenya. Baadaye likawa la kitu kinachompenya mtu moyoni, iwe furaha, iwe hofu.

Nikarudi na mashaka zaidi. Kutoboa nakujua. Ubao hubaki na tundu lake maisha yote, keke inahamia ubao mwingine.

Kwetu mkwe hulima kwanza shamba la baba wa binti. Nikamwagiza aje na jembe. Akajibu kwamba kumlimia mtu mmoja ni unyonyaji, na yeye ndiye anayezunguka vijijini kuukataza. Mke wangu akasema kijana ana msimamo. Nikasema ana mikono laini. Chai aliyoniletea binti siku zile haikuwa na sukari.

Jumamosi moja kijana akaja na jembe, mvua inanyesha, peke yake, bila vijana wenzake wa kumsaidia kama ilivyo desturi. Akalima migombani mpaka viganja vikachubuka. Nikamfuata.

"Ile furaha yako ya Kiingereza iko wapi?"

"Haipo, baba. Naogopa utaninyima."

Nikatazama mpini wa jembe. Ulikuwa na damu ya viganja vyake. Hapo sikuhitaji kamusi ya mtu kujua kimempenya nini. Nikamwita binti alete maji ya kunawa na chai, nikamwambia aweke sukari.

Lakini sikuwa nimemaliza naye.

"Ukishakunywa, mkwe," nikamwambia, "kuna shamba langu jingine kule Lufingo."