Mwaka Mwenyekiti Alipokataza Vifurushi

Kinyongo nilichomwekea mwenyekiti wetu nilikaa nacho mwaka mzima, na sikuwahi kuona sababu ya kukipunguza. Nilikuwa nakilisha na kukinywesha. Nikimwona kanisani anaimba kwa macho yaliyofumbwa, kinanenepa.

Kikundi chetu cha Kanazi ni kidogo. Kazi yake ni kuwatafutia viti vya magurudumu watoto wasioweza kutembea, na kila mwaka tunafanya sherehe ya kuchangisha kwenye uwanja wa shule. Kuna mbio za magunia, kuna kufukuza kuku, kuna Bukoba kuvutana kamba na Muleba mpaka watu wazima wanagombana. Lakini kinachopendwa kuliko vyote ni mnada wa vifurushi. Kina mama wanapika ndizi majumbani, wanazifunga kwenye majani ya mgomba, na mshereheshaji anainua kifurushi kimoja kimoja huku watu wakipandishana bei. Hakuna anayejua kama ndani ni ndizi na maharage au ndizi na samaki, na hapo ndipo raha ilipo. Wachuuzi wa samaki wanaotoka visiwani Muleba ndio wanunuzi wakali. Kifurushi cha mama yangu walikuwa wanakisubiri hadi mwisho, kwa sababu walikijua kwa harufu.

Kisha tukapata mwenyekiti mpya. Alizaliwa hapa hapa, akafanya kazi Dar es Salaam hadi akastaafu, akarudi. Tulimchagua kwa kuwa anajua kuongea na wakubwa. Katika sherehe yake ya kwanza mshereheshaji alipoinua kifurushi cha mama, yeye alikinyakua mkononi mwake, akakinusa mbele ya uwanja mzima, akashika kipaza sauti.

"Jamani, hiki tusiuze. Vitu vya majani namna hii vitawaumiza wageni tumbo."

Watu walicheka. Mama alitoka kwenye kiti chake, akakichukua, akajitwika, akavuka barabara kwenda nyumbani. Aliwatupia kuku. Tangu siku hiyo hakwenda tena kwenye shughuli ya watu, wala harusi, wala kikundi cha sala. Mwanamke aliyekuwa anaitwa kila penye sufuria kubwa akawa wa kukaa barazani na kuniuliza, "Hivi kweli harufu ilikuwa mbaya?" Swali hilo aliniuliza mara nyingi mno. Kila akiuliza nilimchukia yule mama mwenyekiti upya.

Mwaka uliofuata mwenyekiti alikataza vifurushi kabisa. Chakula kingepikwa na vijana wa kukodi kutoka mjini, wasio wenyeji wa mkoa huu, na kingewekwa kwenye vyombo vya kung'aa ili picha zitoke vizuri. Ndizi angenunua mwenyewe.

Nikamkuta ananunua. Ilikuwa kando ya barabara, siku moja kabla ya sherehe, na pikapu yake ilikuwa imeshajaa mikungu minene iliyojipanga vizuri. Nilishuka kwenye bodaboda nikaitazama. Zilikuwa embiile tupu, ndizi za kutengenezea pombe. Ukizipika zinakuwa chungu hadi ulimi unakakamaa. Muuzaji aliona mama mwenye pikapu anataka mikungu mingi, akajua ana shughuli ya rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Unaona? Ndizi ndiyo hizi. Siyo vile vindizi vyenu."

"Nimeona, mama. Mungu akubariki."

Nilipanda bodaboda yangu nikiwa na furaha hadi nikaona haya. Sikuona haya sana. Nyumbani nilimdanganya mama kwamba mashangazi wa Rubafu wanakuja kesho, apike sufuria zote na afunge kwenye majani kama zamani. Watoto wale viti walivihitaji, na mimi sikutaka waumie kwa hasira zangu. Nilitaka aumie mtu mmoja tu.

Siku ya sherehe wachuuzi wa samaki walikuwa wa kwanza kupakua. Mmoja alitafuna, akaacha kutafuna, akatema kwenye nyasi. "Waitu, hii ni dawa ya minyoo!" akapiga kelele mwingine, kwa Kihaya chake cha kujifunza. Wageni wa heshima waliweka sahani chini ya viti. Mimi nilikaa mbele kabisa ili nisikose kitu. Nilipomwona mwenyekiti anaonja mwenyewe na uso wake unakunjamana, nikapaza sauti kwamba kwetu kuna vifurushi vya moto, ila mama yangu lazima aombwe.

Alivuka barabara, viatu vya visigino vinazama kwenye udongo. Mama alikuwa barazani. Walisalimiana vizuri. Mwenyekiti akaketi, akaeleza shida, akasema "tafadhali mama" kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Chukueni vyote," mama alisema. "Watoto hawana kosa."

Nilikasirika. Nilitaka amwambie maneno. Vijana wakabeba vifurushi wakaondoka, ila mwenyekiti hakuinuka. Alikuwa anaangalia kikapu kidogo kilichokuwa mapajani mwa mama.

Kwetu mgeni hupewa kahawa za kutafuna kabla ya jambo lolote. Hata aliyekuja kukushtaki humpi mgongo bila kahawa. Mama hajawahi kumnyima mtu, na sasa mkono wake ulikuwa umetulia juu ya kifuniko.

Mwenyekiti alicheka kidogo. "Mama, hata kahawa?" Kiganja alikuwa amekwisha kukinyoosha.

"Nakuogopea tumbo, mwanangu," mama alisema kwa upole.

Mwenyekiti aliinuka akaenda, bila kuaga. Kutoka uwanjani tukasikia mnada umeanza na watu wa Muleba wanapandisha bei. Mama akafungua kikapu, akanimiminia kahawa mkononi, akachukua zake, tukatafuna.