Tundu la Kitovuni

Mama mkwe wangu aliliona tundu siku ya kwanza, alipokuwa ananipangusa mwili kwa kitambaa na maji ya moto. Plasta ya kitovuni ilikuwa imelegea upande mmoja. Aliinua ncha yake kwa kidole, akatazama, akairudisha taratibu kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

"Wamekukata hapa?"

"Hapo, mama, na hapa kushoto, na hapa kulia."

"Hapa kitovuni."

"Ndiyo."

Akakamua kitambaa, akakianika, akaenda kukoroga uji.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo pale Tinde, mume wangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, akijaliwa. Tulikuwa na binti mmoja wa miaka sita. Kwa mama mkwe, binti mmoja kwa miaka sita ilikuwa ni nyumba iliyosimama kujengwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na maumivu ya tumbo upande wa kushoto, yanakuja na kuondoka, mpaka hospitali ya misheni, safari ya nusu siku kutoka kwetu, wakaniambia nina uvimbe wa maji kwenye ovari. Nilikuwa na bahati, walisema. Palikuwa na daktari mgeni wa miezi michache ambaye angeweza kuutoa bila kunipasua. Angeingiza darubini nyembamba kupitia kitovu na vyuma vyake kupitia matundu mawili pembeni. Ningelala siku mbili tu.

Neno "bila kunipasua" lilinifurahisha. Sikujua kwamba ndilo litakalonitesa.

Mama mkwe alikuwa amekuja Tinde kuuguza mtu aliyepasuliwa. Alikuja na kuku wawili, karanga za kusaga, na kanga kuukuu za kuchana vitambaa. Njiani alikuwa amewauliza wanawake wenye uzoefu jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuvuta mshono. Halafu mimi nikashuka kwenye basi kwa miguu yangu, nimebeba mkoba wangu mwenyewe, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, akinitazama kuanzia juu hadi chini. "Mgonjwa yuko wapi?"

Nilicheka, na kicheko kikanichoma. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeumia kuliko nilivyoonekana. Walikuwa wamenijaza gesi tumboni ili daktari apate nafasi ya kuona, na gesi iliyobaki ilikuwa inapanda. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, koo lilikwaruza kwa sababu ya mpira wa kupumulia, na bega la kulia liliuma mpaka nilishindwa kulalia upande huo. Nesi alikuwa amenieleza mapema kwamba bega litauma, kwamba ni gesi inayosumbua chini ya mbavu na maumivu yanasikika juu. Nikamweleza mama mkwe hivyo hivyo.

"Walikukata tumbo," akasema, "unaumwa bega."

"Ni gesi, mama."

"Gesi." Alilitamka kama jina la mtu asiyemwamini.

Nilikatazwa kuinua ndoo kwa wiki nne. Kwa siku tatu alichota maji yeye. Siku ya nne nilimkuta amesimama kwenye ua wa manyara, anaongea na jirani kwa Kisukuma. Mimi ni Msumbwa wa kule Ushirombo, lakini Kisukuma nakisikia vizuri, na yeye alijua kwamba nakisikia. Alikuwa anamwambia jirani kwamba tundu la kitovuni analijua. Kijijini kwao gari la uzazi wa mpango lilikuja zahanati, wanawake kadhaa wakafungwa uzazi, na wote walirudi na tundu hilo hilo, mahali hapo hapo, wakitembea kwa miguu yao.

Siku hiyo aliiacha ndoo yangu tupu pale kisimani.

Ndipo nilipoelewa kilichokuwa mezani. Halikuwa suala la maji. Mwanamke aliyejifunga uzazi kwa siri, mume akiwa machimboni, na mtoto mmoja tu wa kike, kwa watu wetu huyo alikuwa amekwisha kujitoa mwenyewe kwenye nyumba. Mume wangu angetafutiwa mke mwingine, na hakuna ambaye angemlaumu.

Jioni nikamkabili. Nilikuwa nimezoea kutunza majalada na vielelezo vya mashauri, nikadhani jambo likipangwa vizuri linaeleweka.

"Mama, wale waliofungwa wana matundu mangapi?"

"Moja."

"Mimi nina matatu. Hebu tazama." Nikafunua. "Moja, mbili, tatu."

Akatazama kwa makini, sikatai. Akainama kabisa. Kisha akanyooka.

"Basi wewe umefungwa mara tatu."

Jirani, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi na kusahau kuondoka, alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nilienda kulala na bega langu.

Nilikuwa na tarehe ya kurudi hospitali kuangaliwa baada ya wiki mbili. Nikaona hapo ndipo mahali pa kulimaliza. Nikamwomba mama mkwe anisindikize, asikie kwa masikio yake. Alikubali upesi sana, jambo ambalo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili siku hiyo. Daktari mgeni alikuwa amekwenda wadi nyingine, msaidizi wake akaniangalia kidonda chumba cha ndani, mama mkwe akingoja kwenye benchi. Lakini nesi wa chumba cha upasuaji alikuwepo, mwanamke mnene mwenye subira, na nilipomweleza kwa kifupi akasema, "Mlete bibi huku, aone. Wengi wanaogopa kwa sababu hawajaona."

Vyombo vilikuwa vimetoka tu kwenye dawa. Havikuchemshwa kama vingine, nesi alisema, kwa sababu moto ungeharibu kioo, kwa hiyo vililowekwa kwenye beseni la dawa kali iliyotuchoma macho sote watatu, kisha vikasuuzwa na kupangwa juu ya kitambaa cha kijani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuviona nikiwa macho. Darubini yenyewe ilikuwa fimbo ya chuma, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, ndefu kama kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Palikuwa na bomba fupi lenye ncha ya pembe tatu, hilo ndilo lililotoboa. Palikuwa na koleo, na mkasi ambao shingo yake ilikuwa ndefu kupita kiasi na mdomo mdogo kama wa ndege. Ukibana mpini huku, mdomo unafumba kule. Nesi akauchezesha hewani.

Mama mkwe alipenda mkasi. Aliomba aushike. Alibana, akaachia, akabana. Nesi akawasha taa, akamwekea darubini jichoni, akamwambia atazame kiganja chake. Akaona mistari ya mkono wake imekuwa mikubwa kama mitaro, akasema, "Yesu wangu," na kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali nilimwona anatabasamu. Nikajipongeza moyoni.

Halafu akauliza, kwa heshima kabisa, "Mwanangu, na hii ndiyo wanayofungia wanawake?"

Nesi alikuwa mtu mkweli. "Ndiyo, bibi. Hii hii. Ilikuja kwa kazi hiyo hasa. Huyu daktari ameongeza vyuma vyake tu ndiyo maana anatoa na uvimbe."

"Mnafungia nini?"

"Kapete kadogo ka mpira. Tunakavisha kwenye mrija wa uzazi, huku na huku."

"Kapete." Mama mkwe akaweka mkasi chini juu ya kitambaa, mahali pake. "Wabeja, asante, mwanangu. Nimeona."

Nesi akageukia kwangu na kusema kwa sauti kwamba mimi sikuvishwa pete yoyote, kwamba nilitolewa uvimbe wa upande mmoja na upande wa pili ni mzima. Alisema mara mbili. Alichukua hata jalada langu akasoma. Lakini mama mkwe alikuwa tayari anajifunga vizuri kanga yake, mtu aliyepata alichofuata.

Njia nzima nilibishana naye kwenye kiti cha basi. Nilimwambia kisu cha kuchinjia kuku ndicho kinachomenya viazi, je, kila kiazi ni kuku? Akasema viazi havijawahi kumdanganya. 

Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi, vumbi la machimbo bado liko masikioni. Tulimsubiri ale kwanza. Mama yake akasema yake, mimi nikasema yangu na kumwekea mbele karatasi ya hospitali. Aliisoma, akaigeuza nyuma, hapakuwa na kitu.

"Mama kaona, wewe umeandikiwa," akasema. "Mimi nilikuwa duarani, chini ya ardhi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tungoje."

Hilo "tungoje" lilidumu mwaka mzima na zaidi. Naliweka miongoni mwa miaka mirefu ya maisha yangu. Matundu yalipona vizuri, yakabaki madoa matatu ambayo hata mimi niliyatafuta kwa kidole. Bega lilipoa katika siku chache. Wiki ya sita nilikuwa nabeba ndoo mbili. Mwili ulikuwa umemaliza kuugua kabla watu hawajamaliza kuujadili. Kijijini kwa wakwe nilikaribishwa kwa adabu, nikapewa kigoda, na hakuna aliyenipa mtoto nimpakate. Mama mkwe aliwahi kumtaja msichana fulani wa jirani zao, hodari wa kulima, mbele yangu, kama mtu anayetaja mvua.

Kisha nikakosa siku zangu, mwezi wa kwanza, wa pili. Nilikaa kimya mpaka tumbo likasema lenyewe. Mvulana akazaliwa salama. Nilipokuwa bado kitandani, mama mkwe akiwa amemshika mtoto mbele ya uso wake, nilingoja. Sikutaka aombe radhi, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilitaka aseme tu, "Kumbe."

"Kumbe," akasema, na moyo wangu ukaruka. "Kumbe ile siku tulipokwenda wote, ndipo walipokufungua."

"Mama, sikuwahi kufungwa!"

"Uliingia chumba cha ndani peke yako. Mimi niliachwa kwenye benchi."

"Nilikuwa naangaliwa kidonda!"

"Sawa," akasema kwa upole, akimpuliza mtoto jasho la paji. "Waliangalia, wakafungua. Mimi nimeshukuru. Sina ugomvi."

Na kweli hakuwa na ugomvi tena. Alinichemshia maji, alinikanda mgongo, alinipikia uji wa ulezi wiki nne bila kuchoka. Nilipata uuguzi wote nilionyimwa mara ya kwanza, na kila kijiko kilinikera.

Laiti angeishia nyumbani. Lakini alikuwa na furaha, na furaha yake aliigawa sokoni, kanisani na kwenye kisima. Lugha yenyewe ilimsaidia. Wakubwa wa afya walisema "kufunga uzazi", na kwa wafugaji hakuna kilichofungwa kisichofunguliwa, ng'ombe wala mlango. Hata wanaofungwa na wachawi hufunguliwa na waganga. Kwa nini pete ya mpira ishindikane?

Akaja mwanamke mmoja kutoka kijijini kwao. Alifika Jumapili mchana, miguu yote vumbi, amembana jogoo kwapani. Mumewe alikuwa amefariki, ameolewa tena, na mume mpya hana mtoto. Alifungwa uzazi siku ile ile ya gari la zahanati, baada ya mtoto wa tano. Aliyaeleza hayo akiwa anatazama chini, kwa Kisukuma, huku mama mkwe akitikisa kichwa kunihimiza.

"Mwambie tu, mayu," akasema, akiniita mama. "Ni wa nyumbani."

Nikamweleza kwamba mimi sikufungwa, kwamba kwake ni jambo tofauti, kwamba hata hospitali wenyewe waliniambia haifunguliwi. Nilirudia taratibu kama ninavyomrudishia shahidi maneno yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba aone tumbo langu. Nikamwonyesha. Akasogeza kanga yake akanionyesha la kwake. Akaweka kidole kitovuni kwangu, akaweka kitovuni kwake.

"Hii na hii ni moja," akasema.

"Ndiyo. Lakini ndani siyo moja."

"Hutaki kunitajia."

"Dada, hakuna cha kutaja."

Hakukasirika. Alibaki pale anampapasa jogoo shingoni. Sikuweza kumrudisha hivyo. Nikachukua karatasi, nikamwandikia yule nesi barua, nikimwomba amweleze mama huyu ukweli wote kwa utulivu, yeye ana maneno kuliko mimi. Nikamsomea kila nilichoandika, nikaitia kwenye bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili na uso wake wote ukafunguka.

"Wabeja sana. Nilijua utanisaidia." Akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga. "Wanafungua siku gani?"

"Jumanne na Alhamisi," nikajibu, nikiwa nafikiria siku za kliniki.

"Jumanne," akarudia, akamkabidhi mama mkwe jogoo, akashika njia.